Kipimo cha zebaki kifike mwaloni

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya, kazi ya dhahabu inajulikana: mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, yaani pale pa kuoshea dhahabu, kisha zebaki inamiminwa kwenye beseni na kukandwa, mara nyingi kwa mikono mitupu, mpaka ishikane na dhahabu. Donge likichomwa, zebaki hupaa na moshi. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mvua ikinyesha huteremka mtoni. Maji hayabadiliki rangi wala harufu, kwa hiyo mama anayechota hapo hana namna ya kujua.

Mimi nasema vifaa vya kupima metali nzito kwa umeme vitoke kwenye maabara za vyuo vifike vijijini. Si jambo la kubahatisha. Msingi wake aliuweka mwanakemia Jaroslav Heyrovský mjini Prague mwaka 1922, akatunukiwa Nobel mwaka 1959. Leo vipo vya kushika mkononi, jamaa wa karibu wa kile kipimo cha sukari cha tone la damu. Unachovya elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme, kwenye maji, unaipa volti hasi kwa dakika chache, na metali iliyoyeyuka inaganda juu yake. Volti ikipandishwa taratibu, kila metali inabanduka kwa zamu yake, kadimiamu kabla ya risasi, risasi kabla ya shaba, na mkondo wa umeme unaotoka hapo ndio unaoonyesha kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na zebaki isizidi 6. Kemia hii inaweza kuona viwango vidogo namna hiyo.

Kwa zebaki, elektrodi nyingi hutengenezwa kwa dhahabu. Sababu ni ileile anayoitegemea mchimbaji pale kwenye beseni: zebaki ikikutana na dhahabu, inashikamana nayo. Mchimbaji hahitaji somo refu kuelewa kipimo hiki, maana nusu yake anaifanya kila siku.

Ila tusidanganyane. Maji yenye tope na majani yaliyooza huivuruga elektrodi, hivyo sampuli lazima iandaliwe kwa asidi na mtu aliyefundishwa. Tena zebaki nyingi haikai majini. Hutulia kwenye tope la chini, bakteria wakaigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayoingia mwilini kwa urahisi, ikapanda hadi kwa samaki. Chupa ya maji iliyofaulu kipimo haitoshi kumwambia mtu kwamba sato wake ni salama. Tope na samaki bado wapelekwe maabara.

Kifaa kikae kwa kamati ya maji ya kijiji, na majibu yabandikwe ubaoni siku hiyohiyo, yasifungiwe kwenye faili la wilaya. Yakionyesha hatari, watu wapelekewe maji mengine kwanza, ndipo maofisa waje na habari za leseni na faini.