Ukumbi wa Kaloleni na hesabu ya nguzo

Mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi, na kuinua maghorofa ikitajwa Kaloleni, suala la ukumbi wa mtaa huja mwisho na hujibiwa upesi: utajengwa mpya, chini ya ghorofa. Anayepinga huambiwa analilia historia. Historia ipo, kweli. Ukumbini humo ndimo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alimotoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata akakamatwa. Lakini hata ukiiweka hiyo kando, hoja ya kukarabati inasimama.

Wanaotaka kubomoa nao wana lao. Nyumba za chini za miaka ya 1940 zimekalia ardhi ambayo jiji linaililia. Kubwa zaidi ni fedha: mwekezaji akipewa kiwanja atalipia na ukumbi, ilhali ukarabati hungojea bajeti ya kaunti, na bajeti hizo tunazijua.

Sasa tuje kwenye nguzo. Watu 300 walioketi, pamoja na njia za kupitia, wanataka kama mita 300 za mraba: tuseme 12 kwa 25, katikati pakiwa wazi. Vyumba vya kuishi husimama juu ya nguzo zilizoachana mita nne hadi sita, na nguzo hizo sharti ziteremke hadi msingi. Zikipita ukumbini, nusu ya watu hawaoni jukwaa, na ulingo wa ndondi, wenye takriban mita 6 kila upande ndani ya kamba, hauna pa kukaa. Kuziepuka kunawezekana kwa boriti nzito ya kubeba ghorofa zote. Kwa upana wa mita 12, kina chake hupita mita moja kwa urahisi. Ni chuma kingi na saruji nyingi, na gharama zikizidi ndiyo ya kwanza kukatwa. Kinachobaki ni chumba cha watu 60. Halafu kuna kelele: mkutano wa matanga au mazoezi ya kwaya chini ya vitanda vya watu hayatadumu, wapangaji watalalamika na mlango utafungwa jioni.

Ukarabati si kupaka rangi. Paa za umri huu huoza zaidi pale kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zinapokalia ukuta: mfereji huziba, maji hurudi, mbao hulowa, mchwa hufuata. Fundi afungue safu mbili za chini za vigae na kudunga kila kichwa cha kenchi kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, sehemu hiyo ikatwe, mbao mpya iungwe kwa bamba za chuma na bolti. Nyaya kuukuu zenye ganda la mpira zing'olewe zote, kwani mpira hukauka na kupasuka. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 inadai rampu, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, ya mita 5.4, kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Vyoo ndivyo vigumu, maana bomba la majitaka la mtaa lilipimwa kwa watu wachache. Hapo wabomoaji wana haki, mabomba makubwa huja na maghorofa.

Basi maghorofa yakae kandokando, ukumbi ubaki peke yake, na mwekezaji aukarabati kabla familia ya kwanza haijahamishwa. Ikishindikana, mkataba wa kujenga upya utaje mita 12 bila nguzo, dari ya mita 5, na mlango unaofunguka barabarani.