Hasira ya Mlokole na Njia ya Kumwendea Aliyekosewa

Jirani yangu hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, mtu ambaye haendi kanisani wala msikitini, aliniuliza siku moja mbele ya duka langu: ikiwa wokovu humbadilisha mtu kweli, mbona wewe bado unafoka namna ile? Hakuuliza kwa dhihaka. Siku chache kabla yake alikuwa amesikia, kama walivyosikia wateja wote waliokuwepo, jinsi nilivyomtukana kijana anayenipakilia saruji kwa sababu aliiacha mifuko minane nje ikanyeshewa mvua. Nilimtukana hadi nikamtaja mama yake. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya kusanyiko nikiongoza maombi.

Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimelitafakari swali lake kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wa Uganda, 39 hivi walikuwa Wakatoliki, 32 Waanglikana na 11 Wapentekoste. Kama imani ya Kikristo ingekuwa inaing'oa hasira moyoni siku mtu anapobatizwa au anapookoka, basi nyumba zetu, vituo vyetu vya teksi na vikao vyetu vya kugawana mashamba ya urithi vingekuwa mahali pa utulivu mkubwa. Sivyo vilivyo, na muumini anayelikana jambo hili hamsaidii Mungu kwa lolote.

Ninachoamini ni kwamba imani haimwondolei mtu hasira, bali humfupishia njia ya kutoka kwenye hasira hiyo hadi kwa mtu aliyekosewa naye. Na pale ambapo njia hiyo haifupiki mwaka baada ya mwaka, jirani ana haki ya kuuliza kama imani yenyewe ipo. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba jua lisichwe wakiwa bado na uchungu. Hakuwaambia kwamba hawatakasirika kamwe, na yeye mwenyewe aligombana na Barnaba hata wakatengana. Yesu naye, katika Mathayo sura ya 5, anamwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale na aende kwanza kupatana naye. Nalishikilia hilo neno "kwanza", kwa maana mimi nilifanya kinyume. Usiku ule nilipiga magoti, nikatubu kwa machozi, nikasikia amani, nikalala. Kijana alilala na tusi lake.

Walokole wa zamani walilijua jambo hili kuliko sisi. Uamsho wao, ambao watu huanza kuusimulia kwa kukutana kwa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ambao ulipamba moto Gahini nchini Rwanda na kufika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1935, haukujulikana vijijini kwa nyimbo peke yake. Ulijulikana kwa watu waliorudisha mali waliyoiba, na waliokwenda kubisha hodi kwenye nyumba za mahasimu wao ili kuomba radhi. Waliita mwenendo huo kutembea katika nuru. Aliyemkasirikia mwenzake alisema katika ushirika ni nani aliyemkasirikia na kwa nini, na mara nyingi huyo mwenzake alikuwa ameketi hapo hapo akisikiliza. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Uamsho huo huo ulizaa ugomvi mkali, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono baada ya kuvutana na wakuu wao. Hata hivyo, walikuwa na desturi ya kuitaja hasira kwa jina lake na kuikubali kuwa ni yao.

Siku hizi nasikia zaidi habari za pepo la hasira. Mtu amempiga mtoto wake hadi kumuumiza, anapelekwa mbele, anawekewa mikono, pepo linakemewa, watu wanashangilia, naye anarudi nyumbani akiwa hana deni kwa mtu yeyote, kwa kuwa aliyetenda kosa alikuwa pepo. Siyakatai maombi ya kufunguliwa. Nakataa maombi yanayomruka mtoto aliyeumizwa.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, eneo la Kabale, mtu wa uamsho tangu ujana wake, aliikimbia nchi baada ya Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum, kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977. Baadaye alikiri waziwazi kwamba uchungu dhidi ya Idi Amin ulikuwa umemjaa, na kwamba yeye, askofu, ndiye aliyehitaji kutubu uchungu huo. Mwaka ule ule akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Amin. Wala hakuacha kuyalaani mauaji ya utawala ule. Mlokole wa miaka mingi alikuwa bado anapambana na chuki, tena hakuificha, na kwangu ushuhuda huo una uzito kuliko ule wa mtu anayedai kwamba tangu aokoke hajakasirika.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu kanisani hawalipendi. Nchi yetu ilipata sheria dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, lakini bado wapo wake za waumini wanaoshauriwa kurudi nyumbani, kuomba, na kusamehe saba mara sabini, huku mume akitoa ushuhuda wa badiliko ambalo mwili wa mkewe haujaliona. Zakayo aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba ya mume anayepiga huanza kwa kuacha kupiga, na shahidi wake ni mke, pamoja na watoto na msichana wa kazi, wala si kwaya. Hao wasioweza kulipa kisasi ndio wanaojua kama tumebadilika.

Mimi niliamshwa na mama mmoja mzee wa ushirika wetu, mzaliwa wa Kigezi, nilipokuwa nikimsimulia jinsi Bwana alivyonisamehe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na yule kijana, mwanangu, umemwambia?" Nikasema, "Bado, mama." Hakuongeza neno. Majuma matatu yalikuwa yamekwisha pita. Kesho yake nilimwita kijana mbele ya duka, wateja wakiwepo, kwa kuwa nilimtukana wateja wakiwepo, nikamwomba radhi kwa kila neno, na kwa ajili ya mama yake pia. Alitazama chini, akasema, "Sawa, bosi," akarudi kuhesabu mifuko. Kama amenisamehe au la, hilo ni lake, nami sijamuuliza.

Mwezi uliopita nilimfokea tena, safari hii kwa ajili ya risiti iliyopotea. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilimfuata hadi kwenye kituo cha boda boda kabla hajapanda kwenda kwao.