Usimchague Mbwa kwa Picha

Mtu akiniambia familia yake inataka kufuga mbwa, swali langu la kwanza huwa hili: saa nne asubuhi nyumbani kwenu hubaki nani? Wengi hushangaa. Wao wameshafika kwenye rangi ya manyoya na urefu wa masikio, mimi nawauliza habari za saa nne asubuhi. Lakini humo ndimo mbwa atakamoishi, siku nenda siku rudi, kwa miaka kumi na zaidi.

Haya niliyaona kwa dada yangu. Watoto wake walipenda picha ya Border Collie, mweusi mwenye kifua cheupe, wakaletewa. Mbwa mzuri, mwerevu ajabu. Wiki ya tatu nilikuwa nimeketi sebuleni kwao. Nikamwona amejiinamisha, tumbo karibu liguse sakafu, macho kamkazia mtoto mdogo bila kupepesa. Mtoto alipochomoka kukimbilia jikoni, mbwa akamzunguka mbio, akamdaka soksi kwenye kisigino. Hakumtoa damu. Alimrudisha kwenye kona ileile ambako alikwishamweka dada yake.

Nyumba nzima ikasema huyu mbwa mkali. Hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa anachunga. Wazazi wa wazazi wake walichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kule mpakani mwa Uingereza na Scotland, kwa kazi hiyohiyo ya kukusanya kondoo. Pale hapakuwa na kondoo, palikuwa na watoto wawili. Walipomtoa nje alikimbia kandokando ya uzio mpaka nyasi zikafa na kijia kikachimbika. Mwishowe akapelekwa kwa mtu mwenye mifugo, na watoto walilia siku nyingi. Kilio kile bado ninacho masikioni.

Kwa hiyo ukitajiwa mbwa wa aina yoyote, uliza alifugwa afanye kazi gani. Beagle alikuwa wa kufuata harufu ya sungura huku akipaza sauti ili wawindaji walio nyuma wamsikie. Ukiishi kwenye nyumba za kupakana ukuta, sauti hiyo wataigawana majirani. Jack Russell aliingizwa mashimoni kuwafurusha mbweha, basi bustani yako ataichimba na hana kosa. Husky wa Siberia alivuta mizigo masafa marefu juu ya theluji, na kumfungia uani kutwa nzima ni kumtesa.

Wapo pia wanaodanganya macho. Greyhound hufikia mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, na watu hudhani hawezi kutulia. Kumbe sehemu kubwa ya siku amelala fofofo kwenye kochi. Familia tulivu isiyofuga sungura wala paka ningeiambia imfikirie huyu mapema kabisa.

Kuna jambo moja linaloniuma. Mbwa wenye uso bapa, kama Bulldog na Pug, wamependwa mno kwa sababu ya sura zao za kitoto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hawa pua na koo zao zimebanwa, kwa hiyo siku ya joto tu inaweza kuwaua. Bulldog wengi huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa mno kwa nyonga za mama. Ule mkoromo ambao watu huuchekea ni mnyama anayehangaika kupata hewa. Sitamshauri mtu yeyote amchukue kwa ajili ya uso wake.

Hata hivyo, aina ni mwanzo tu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, na ikaonekana kwamba aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo ukishajua kazi ya ukoo wake, mtazame huyo aliye mbele yako. Nenda ukamwone mama yake, ukae naye sakafuni. Mama mwoga mara nyingi hulea watoto waoga. Mtoto asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane, na wiki zake za mwanzo, hadi karibu ya 14, azoeshwe watu, sauti na watoto. Na hakuna aina, hata Labrador anayesifiwa na kila mtu, ya kuachwa peke yake na mtoto mchanga.

Binafsi napendelea mbwa mzima, hasa chotara, kutoka kituo cha kuokoa wanyama. Tabia yake imeshakomaa, unaiona kabla hujatia sahihi.

Dada yangu alichukua wa namna hiyo miaka miwili baadaye, mbwa wa miaka sita mwenye manyoya yasiyo na rangi ya kueleweka. Watoto wakipita mbio kwenda jikoni, huinua sikio moja, kisha hurudisha kichwa chini akaendelea kulala.