Fundi wa Ruta Asiondoke Kabla Hajaeleza

Mama mdogo ana duka la vifaa vya umeme Ngamiani, hapa Tanga. Mwezi uliopita alinipigia simu: bando la waifai halimalizi hata wiki, na yeye anatumia kutuma picha za bidhaa tu. Nilipofika jioni nikakuta vijana watano barazani kwa jirani, kila mmoja na simu yake. Nenosiri walilisomea dirishani. Fundi aliyemfungia ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, aliliandika kwa maka pen kwenye kipande cha boksi akakibandika ukutani: 12345678.

Vijana siwalaumu. Namlaumu fundi aliyepokea hela yake akaondoka, na mama alipouliza akajibiwa, "Hayo ni ya kitaalamu."

Si ya kitaalamu. Tulivuta viti tukafungua mipangilio ya ruta kwenye simu yangu. SSID ni jina la mtandao, basi; hata ukilificha, programu za bure huliona. 2.4 na 5 gigahezi ni masafa ya mawimbi ya redio: ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi, ya pili ina kasi ila haifiki mbali.

Kwenye usalama ndipo tulipokaa. WEP, mfumo wa kwanza wa kulinda waifai, ilitoka 1997, na kufikia 2001 watafiti walishaonyesha jinsi ya kuupata ufunguo wake kwa kusikiliza tu mawasiliano yanayopita. Ikafuata WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, kisha WPA3 mwaka 2018. Ruta ya mama ilikuwa kwenye WPA2. "Sasa si iko salama, mwanangu?"

Haikuwa salama. Ruta hutangaza hewani kama mnadi wa samaki pale Deep Sea, kila aliye karibu anasikia. WPA2 huyavuruga maneno hayo yasieleweke, lakini mwenye nenosiri lenu akinasa mawasiliano ya simu yako wakati inajiunga, ana njia ya kuyafumbua. Kwa hiyo lile boksi ukutani halikugawa bando peke yake. WPA3 imeliziba tundu hilo, ila ruta yake ya zamani haina.

Kilichoniudhi zaidi ni WPS, ambayo fundi aliiacha wazi. Iliwekwa ili mtu ajiunge bila kuandika nenosiri, kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu nane. Mwaka 2011 ikabainika kwamba ruta huikagua namba hiyo vipande viwili: nne za mwanzo, kisha tatu, maana ya nane hutokana na zilizotangulia. Badala ya mamilioni ya majaribio, hayazidi 11,000. Weka nenosiri refu utakavyo, mlango wa uani uko wazi. Tuliizima.

Nenosiri jipya ni maneno manne anayoyajua yeye, limeandikwa ndani ya daftari la madeni. Vijana tuliwafungulia mtandao wa wageni, wenye nenosiri lake, usiofika kwenye simu na kompyuta za dukani.

Juzi fundi yuleyule alikuja kufunga ruta kwa jirani. Mama mdogo akaacha wateja, akavuka barabara, akasimama mlangoni.

"Baba, WPS umeizima?"

Fundi akafungua tena begi lake.