Wali njegere na mvinyo wa Soave

Jumapili iliyopita mama mwenye nyumba wangu hapa Verona, Italia, alinipikia wali njegere. Wao wanauita risi e bisi, chakula cha tangu enzi cha upande wa Venezia, hasa tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Marko. Maganda ya njegere hakuyatupa. Aliyachemsha, akayachuja, na supu ile ya kijani akawa anaimimina kwenye mchele upawa mmoja mmoja huku anakoroga, mpaka ukalainika ukakaribia bokoboko. Ndipo akatoa chupa ya Soave kwenye friji.

Ni mvinyo mweupe, mkavu, na ukishaumeza unabakiza uchungu kidogo kama wa lozi. Siagi na jibini vilikuwa vimegandia ulimi. Funda moja likausafisha, nikarudi kwenye sahani kama ndiyo kwanza naanza. Akaniuliza: "Na mvinyo wa kwenu mnakula na nini?"

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nimekua naona zabibu zikiuzwa kwenye ndoo barabarani. Sikuwa na jibu, na swali hilo limenikaa kifuani wiki nzima.

Soave ni mji mdogo wenye ngome, mashariki mwa Verona, si mbali. Zabibu yao ni Garganega, na sheria inataka isipungue asilimia 70 ndani ya chupa. Jina lenyewe linalindwa tangu 1968. Wanavuna mara moja kwa mwaka. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili! Mara mbili, na kila msimu kilio cha mkulima ni kile kile: soko la zabibu.

Najua kuna mtu hapo ameshasema: "Huyu amefika Ulaya juzi, leo anatufundisha kunywa." Ndugu yangu, simfundishi mtu. Asiyekunywa kwa dini yake au kwa hiari yake namheshimu, na neno hili halimhusu. Nasema na kamati ya sendofu ya dada yangu, iliyofanyika Dodoma mjini, ikaweka meza kuu mvinyo wa nje, na nilipouliza wa kwetu uko wapi nikajibiwa kwamba utatuaibisha mbele ya wageni. Utuaibishe vipi? Mbele ya wageni wa Soave mezani panakaa Soave, na mwenyeji anaumimina kifua mbele.

Mwingine atasema wa Dodoma ni mtamu mno, unaumiza kichwa. Mtamu upo, ndiyo. Hata Soave wanao, unaitwa Recioto, wa zabibu zilizoanikwa kwa miezi. Wanaunywa na keki. Utamu si kosa, kosa ni kuunywa na kila kitu. Lakini Dodoma kuna mweupe mkavu pia, wa zabibu ya Chenin Blanc. Umewahi kuunywa ukiwa baridi, na chakula mbele yako? Tunaununua dukani umechemka kwa jua la rafu, tunaunywa tumbo tupu, halafu tunaulaumu mvinyo.

Inaniuma kwa sababu chakula tunacho. Perege wa bwawa la Mtera aliyekaangwa akakauka mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, ndimu juu, kachumbari pembeni: yule nampambanisha na samaki yeyote wa Ziwa Garda, na huyu mama mwenye nyumba wangu angekubali. Mafuta ya perege yanataka mvinyo mweupe mkavu kabisa. Na kuku wa kienyeji wa kuchoma je? Nimekula miaka yote hiyo na soda.

Jana nimempigia shemeji. Nakuja likizo mwezi wa nane, wakati wa mavuno. Perege nitanunua mwenyewe pale Mtera, mvinyo nitauchukua Dodoma. Yeye nimemwomba barafu tu, iwe ya kutosha, na asimwambie mtu wa kamati mpaka tukae mezani.