"Unalala Saa Ngapi?" Hojaji za Wanafunzi na Somo la Takwimu

Mwambie mwanafunzi achunguze usingizi wa wenzake, na huenda swali la kwanza atakaloandika likawa hili: "Unalala saa ngapi?" Ukilisoma huoni kasoro. Kisha majibu yanarudi: nne, nane, saba, tano, nane. Mmoja ametaja saa anayopanda kitandani, mwingine idadi ya saa anazolala. "Saba" yaweza kuwa usingizi wa kutosha, au ni mtu anayekesha hadi saa saba usiku. Karatasi zikishakusanywa hakuna hesabu itakayowatenganisha hao wawili. Wastani utapatikana, hata wenye nukta na desimali mbili, na hautakuwa na maana yoyote.

Naanza na swali hili kwa sababu ndilo linalonipa msimamo katika ubishi wa siku nyingi kati ya walimu wa takwimu: wanafunzi watunge hojaji na kukusanya data wenyewe, au wapewe data iliyokwishaandaliwa ili vipindi vyote viende kwenye uchambuzi?

Wanaotetea data iliyoandaliwa wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alichapisha makala iliyotumia vipimo vya maua 150 ya airisi, spishi tatu, maua 50 kila moja, na hadi leo wanafunzi duniani kote hujifunzia kwa namba zilezile. Kuna sababu. Jibu sahihi linajulikana, kwa hiyo mwalimu huona mara moja mwanafunzi amekosea wapi. Darasa zima linazungumzia kitu kimoja. Hojaji thelathini tofauti, kila moja na makosa yake, hazisahihishiki kwa wiki moja, na mtihani hausubiri.

Tena sampuli za wanafunzi ni ndogo mno. Ukiuliza watu 30 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa, na 18 wakajibu "ndiyo", unapata asilimia 60. Lakini kwa kanuni ya haraka ya kugawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, ukingo wa makosa ni takriban pointi 18 kila upande. Ukweli waweza kuwa popote kati ya asilimia 42 na 78. Na hapo tumewasamehe mengi, kwa sababu mwanafunzi hachagui kwa bahati nasibu, anawauliza rafiki zake. Kisha anaandika, "Wanafunzi wengi hupenda..." Sentensi hiyo ikipita bila kusahihishwa, tumemfundisha kosa na tukampa alama juu yake. Lipo pia la kughushi: hojaji ishirini zilizojazwa na mkono mmoja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Hayo yote nayakubali, na bado siko upande wao. Data iliyoandaliwa huja na maamuzi yake yamefichwa. Nani aliulizwa, nani hakupatikana, neno gani lilitumika, jibu lisiloeleweka lilitupwa au lilikisiwa: mtu mwingine ameshaamua, na mwanafunzi anaona safu safi za namba kana kwamba zilimea zenyewe. Mwaka huohuo wa 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Likatabiri kuwa katika uchaguzi wa rais, mgombea Alf Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa zaidi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na katikati ya mdororo wa uchumi hao hawakuwa watu wa kawaida. Tena waliojisumbua kujibu walitofautiana na walionyamaza. Hesabu za jarida hazikuwa na tatizo. Mwanafunzi aliyewahi kuuliza rafiki zake tu na akabanwa aeleze kwa nini, kisa hiki humwingia kwa namna ambayo maua ya Fisher hayawezi kumpa.

Linalonitia wasiwasi zaidi, na ambalo pande zote mbili hulipita haraka, ni wanaohojiwa. Mwanafunzi akiuliza wenzake nani amewahi kuibia mtihani, au nyumba ya nani haina umeme, kutoandika jina hakutoshi. Darasani mwandiko unajulikana, na jibu la peke yake humfichua mwenyewe. Hapa takwimu zenyewe zina dawa. Mwaka 1965 mtafiti Stanley Warner alionyesha jinsi bahati nasibu inavyoweza kumficha mjibuji. Katika namna rahisi ya wazo lake, kila mmoja anarusha sarafu kwa siri. Kichwa kikitokea, anaandika "ndiyo" bila kujali ukweli. Mwenge ukitokea, anasema kweli. Kwa watu 100, "ndiyo" 50 hivi ni za sarafu. Zikipatikana 62, basi 12 kati ya wale 50 waliosema kweli wamekiri, yaani karibu asilimia 24, na hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Sijui somo jingine linalounganisha uwezekano na heshima kwa mtu kwa urahisi kiasi hiki.

Kwa hiyo ningewapa wanafunzi hojaji, lakini ndogo. Maswali matano yanatosha. Muda mwingi utumike kabla ya kukusanya: wajaribu kwa watu watano, wawaombe waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali, kisha waandike upya. Hapo ndipo "Unalala saa ngapi?" litageuka kuwa "Jana usiku ulipata usingizi saa ngapi, na leo asubuhi uliamka saa ngapi?" Maua ya Fisher yaendelee kutumika siku ya kufundisha kanuni.

Alama ningezigawa hivi: nusu kwa hojaji mbili, ya kwanza na iliyorekebishwa, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa na sababu yake, robo kwa maelezo ya nani hakuulizwa, robo inayobaki kwa hesabu. Anayetaka kughushi atalazimika kubuni pia kutoelewana kwa watu watano, kazi ngumu kuliko kwenda kuwauliza.