Habari za majira ya kuchipua: nani atangulie, swali au mtaalamu?

Kila ifikapo Februari, waandishi wa habari wa Ulaya na Amerika Kaskazini huanza kupokea barua pepe za aina moja. Vyuo vikuu, hospitali, mashirika na makampuni huwatumia orodha za mawazo ya habari za majira ya kuchipua: mzio wa chavua, saa kusogezwa mbele, kupe, vimbunga vya nchi kavu, bustani, usafi wa nyumba, ritani za kodi ambazo Marekani mwisho wake kwa kawaida ni Aprili 15. Chini ya kila wazo lipo jina la mtaalamu, cheo chake na namba ya simu. Mwandishi hahangaiki kutafuta, anachagua tu.

Orodha hizi zina watetezi na wapinzani ndani ya vyumba vya habari, na ubishi wao haujaisha. Mtetezi anasema zinamrahisishia kazi mtu mwenye kazi nyingi. Mpinzani anasema zinamgeuza mwandishi kuwa tarishi wa ofisi za uhusiano wa umma. Nikiwasikiliza wote wawili naona wanaligusa jambo kwa pembeni. Kalenda haina kosa, na mtaalamu aliyeletwa mezani anaweza kuwa mtu mahiri na mwaminifu. Shida inaanza pale swali na mjibuji wanapofika pamoja, kwa sababu hapo mwandishi anakuwa amenyang'anywa kazi yake ya kwanza, ya kuamua kipi kiulizwe.

Utetezi kwanza, maana una uzito kuliko wapinzani wanavyopenda kukiri. Msimu ni habari ya kweli. Nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi; Marekani, tangu 2007, hufanya hivyo Jumapili ya pili ya mwezi huo huo. Kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme huanza kutafuta damu hali ya hewa inapopata joto, na mzazi akiisoma habari yao Agosti atakuwa amechelewa. Thamani ya habari ya namna hii ni kufika kwa wakati. Dawati la afya lenye mwandishi mmoja, anayetakiwa kukabidhi makala tatu kabla ya jioni, haliwezi kuanza kutafuta kuanzia sifuri ni nani duniani anajua mambo ya kupe.

Kuna hoja nyingine ya utetezi ambayo mimi huiona nzito zaidi. Kabla ya huduma za kuunganisha waandishi na wataalamu, mwandishi alipiga simu kwa waliomo kwenye daftari lake, na daftari hilo lilikuwa na watu wa aina moja. Huduma ya ProfNet ilianzishwa 1992 na Dan Forbush, ofisa uhusiano wa chuo kikuu cha Stony Brook huko New York, ili swali la mwandishi mmoja lifike vyuo vingi kwa mara moja. Mwaka 2008 Peter Shankman akaanzisha huduma ya HARO (kifupi cha Help a Reporter Out, yaani msaidie mwandishi), ambapo mwandishi aliandika anachotafuta na maelfu ya watu wakalipata ombi lake kwa barua pepe. Mlango ulifunguka kwa watafiti wa vyuo vidogo na kwa wanawake ambao majina yao hayakuwa kwenye daftari la mtu. Na bado pengo ni kubwa: mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaopima hali hii kila baada ya miaka mitano tangu 1995, ulikuta wanawake ni asilimia 19 ya wataalamu walionukuliwa mwaka 2015, na asilimia 24 mwaka 2020. Anayesema orodha zote zitupwe atuambie pia ataepukaje kurudi kwenye daftari lile la zamani.

Upande wa pili nao haukosi ushahidi. Mwaka 2012 mtaalamu wa masoko wa Marekani, Ryan Holiday, aliitumia HARO kujionyesha kuwa bingwa wa mambo asiyoyajua, akanukuliwa na vyombo vyenye majina makubwa, pamoja na gazeti la New York Times kuhusu santuri, ambalo baadaye lililazimika kuweka maelezo ya mhariri. Mojawapo ya nukuu zake ilikuwa habari ya msimu kabisa: jinsi ya kuandaa boti kwa ajili ya baridi. Mwaka 2025 jarida la Press Gazette la Uingereza lilifichua wataalamu walionukuliwa mara nyingi ambao hata kuwepo kwao hakukuweza kuthibitishwa. Majibu yanayoandikwa na akili mnemba yamefanya udanganyifu huu uwe kazi ya dakika chache. HARO yenyewe, ikiwa imebadilishwa jina kuwa Connectively, ilifungwa mwishoni mwa 2024 kabla ya kufufuliwa na wamiliki wapya mwaka uliofuata.

Lakini mtaalamu bandia hanitishi sana. Simu moja kwa chuo chake, au kuomba mazungumzo ya video, humtoa nje. Ninayemwogopa zaidi ni mtaalamu wa kweli anayejibu swali lililopangwa na mwingine. Tazama jinsi mistari ya orodha hizi inavyoandikwa kwa kawaida: "Daktari wetu anaweza kueleza kwa nini mzio umekuwa mkali zaidi mwaka huu." Soma tena. Ukali umeshathibitishwa ndani ya sentensi, na kilichobaki ni sababu tu. Mwandishi atakayepiga simu ataanza na "kwa nini", na daktari, mtu mstaarabu, atampa sababu. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyehesabu chavua. Ikiwa mtumaji wa orodha anauza dawa za mzio, au sabuni kwa wanaofanya usafi mkubwa wa msimu, huhitaji kuambiwa kwa nini sentensi imejengwa hivyo.

Wengi hudhani hatari hiyo iko kwa makampuni tu na kwamba chuo kikuu ni salama. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa chuo kikuu cha Cardiff waliopitia taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vya Uingereza vilizitoa kwa vyombo vya habari kuhusu utafiti wa afya. Asilimia 40 ya taarifa hizo zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe ulivyosema, na asilimia 33 zilidai kitu fulani kinasababisha kingine wakati utafiti ulionyesha uhusiano tu. Pale taarifa ya chuo ilipotia chumvi ushauri, asilimia 58 ya habari zilizofuata zilifanya vivyo hivyo. Pale isipotia, ni asilimia 17. Chumvi nyingi, kwa maneno mengine, iliingia jikoni kwa mtoa taarifa kabla haijafika kwa mwandishi. Na uchunguzi huo huo haukuona dalili kwamba taarifa zilizotiwa chumvi zilipata habari nyingi zaidi, jambo ambalo ofisi za mawasiliano zingepaswa kulibandika ukutani.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa saa kusogezwa mbele. Kila Machi utakuta kichwa cha habari kinachosema kupoteza saa moja ya usingizi kunaongeza mshtuko wa moyo. Chanzo kimojawapo ni utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwa kutumia rekodi za hospitali za jimbo la Michigan. Jumatatu inayofuata mabadiliko ya saa, wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa asilimia 24. Namba hiyo ni ya kweli, na daktari yeyote wa usingizi aliye kwenye orodha anaweza kuieleza vizuri: mwili uliozoea saa zake unashtuliwa, shinikizo la Jumatatu linaongezeka juu yake. Sasa uliza swali ambalo orodha haina: na wiki nzima je? Utafiti huo huo unajibu kwamba jumla ya wagonjwa katika wiki ile haikubadilika. Inaelekea baadhi ya mishtuko ambayo ingetokea Jumanne au Alhamisi iliwahi tu ikatokea Jumatatu. Hiyo ni habari tofauti kabisa. Mtu mwenye moyo dhaifu bado ana sababu ya kulala mapema Jumamosi ile, lakini anayedai mabadiliko ya saa yanaua maelfu hana msingi katika karatasi ile.

Daktari wa usingizi hakuficha kitu. Hakuulizwa, basi. Wa kuulizwa swali la wiki nzima ni mtaalamu wa takwimu za magonjwa, na huyo ni nadra kumkuta kwenye orodha ya msimu, kwa kuwa hana la kusisimua la kutangaza.

Kalenda huweza pia kuipeleka habari mwezi usio wake. Kituo cha Annenberg cha chuo kikuu cha Pennsylvania kimefuatilia kwa zaidi ya miaka 20 magazeti ya Marekani yanayodai kwamba watu hujiua zaidi wakati wa sikukuu za Desemba. Takwimu zinasema kinyume: Novemba, Desemba na Januari kwa kawaida zimo kati ya miezi yenye vifo vichache zaidi vya aina hiyo. Vinapanda majira ya kuchipua na mwanzoni mwa kiangazi. Mwanasosiolojia wa Ufaransa Émile Durkheim alilionyesha hilo kwa takwimu za Ulaya tangu 1897, na watafiti bado hawajakubaliana ni mwanga, ni mabadiliko ya mwili au ni maisha ya kijamii yanayochangamka na kumwacha mtu nyuma. Hapa ndipo msimu unapohitaji mwandishi makini, mwenye kujua miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kuripoti suala hili bila kumdhuru msomaji aliye katika hali ngumu. Orodha za Machi zimejaa bustani na usafi. Madaktari wa afya ya akili wanasubiri kuulizwa Desemba.

Kuna uvumi mwingine usio na madhara, kama ule wa yai kusimama wima siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Jarida la Life liliandika mwaka 1945 kuhusu watu wa mji wa Chongqing, China, waliosimamisha mayai mwanzoni mwa majira ya kuchipua ya kalenda ya Kichina. Marekani ikaupokea mchezo huo na kuuhamishia siku ile ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana. Kuupima hakuhitaji hata mtaalamu: mwandishi ajaribu na yai siku nyingine yoyote ya mwaka.

Baada ya yote hayo, bado nasimama upande wa habari za msimu, na sababu yangu ni kwamba zinarudi. Kitu kinachorudi kila mwaka kinaweza kupimwa. Robert Marsham, mwenye shamba wa Norfolk nchini Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za kuchipua, na ukoo wake ukaendelea kwa zaidi ya karne mbili. Kumbukumbu za maua ya cheri mjini Kyoto, Japani, zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na kwa sababu hiyo maua yalipofikia kilele Machi 26, 2021, waandishi waliweza kusema bila kutia chumvi kwamba hayajawahi kuwahi hivyo katika kumbukumbu za miaka 1,200. Kuhusu chavua, utafiti wa 2021 uliotumia vituo 60 vya Marekani na Kanada ulikuta kwamba kati ya 1990 na 2018 msimu wake ulianza kuwahi kwa takribani siku 20, na chavua ikaongezeka kwa takribani asilimia 21. Ukiwa na namba hizo mkononi, ule mstari wa "mzio umekuwa mkali mwaka huu" unageuka kuwa swali linaloulizika: mkali kuliko mwaka gani, kwa kituo kipi, kwa mti upi?

Watu wa kulijibu wapo, ila hawajitangazi. Fundi anayehesabu chavua kwenye kituo anajua zaidi ya msemaji wa hospitali. Karatasi ya utafiti huwa na anwani ya mwandishi wake, na kwenye karatasi za baadaye zinazoitaja utakuta wanaompinga, ambao ni vyanzo bora kuliko wanaomsifu. Wapigie Januari. Kufikia katikati ya Machi kila chombo cha habari kinamtafuta mtu yuleyule, naye amechoka kurudia maneno yaleyale, na ndipo anapoanza kutoa nukuu za mkato.

Najua mhariri wa chumba kidogo atanijibu kwamba Januari ana moto mwingine wa kuzima. Ana haki. Kwake ningependekeza asizitupe orodha, azisome kama matangazo ya mnada: zinamwonyesha nani anauza nini. Achukue jina, aache swali. Amuulize mtaalamu nani amelipia utafiti wake, na nani mwenye akili anayetofautiana naye. Swali hili la pili ndilo linalonipa imani na mtu. Mtafiti wa kweli hutaja majina mawili bila kusita.

Kisha, Juni au Julai, ampigie tena yuleyule aliyetabiri Machi kwamba msimu huu wa mzio utavunja rekodi, wafungue pamoja hesabu za kituo na kuona ilikuwaje, na matokeo yachapishwe ukurasa uleule. Wazo hilo halimo kwenye orodha yoyote, kwa kuwa mtumaji hana anachofaidi nalo.